Mto Ukifungwa, Nani Analipa? Kutoka Lazareti za Wabeleji Mpaka Corona ya 2020



Mwezi wa 3 mwaka 2020 nilikuwa bado mwanafunzi hapa Kisangani. Tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha kupanga kule Lubunga, wote watoto wa Yahuma. Wengi wenu mnayajua maisha hayo. Mwanafunzi wa kwetu haishi na pesa, anaishi na mfuko. Mfuko wa mchele, muhogo mkavu, na kidumu cha mafuta ya ngazi. Mfuko ukifika, mnakula na mnasoma. Usipofika, mnasoma tu.

Wangu ulikuwa unakuja kwa mkono wa mama mdogo, ambaye kazi yake ni biashara ya mtoni. Ananunua mchele na mafuta vijijini, watu wa baiskeli wanausukuma mzigo mpaka kando ya mto, pale anauza kwa bamama wenye kusafiri na boti kwenda Kinshasa. Akirudi nyumbani anabeba chumvi, sabuni, dawa, vitambaa. Faida yake ni ndogo, lakini ndiyo iliyonilipia masomo.

Tarehe 18 ya mwezi ule Rais Tshisekedi alitangaza kwamba shule, vyuo vikuu, makanisa na nganda vinafungwa, na mikutano ya watu zaidi ya 20 ni marufuku. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura, na Kinshasa ikatengwa na majimbo. Mfuko wangu haukufika. Hakuna askari aliyemkamata mama mdogo, na kijijini hakuna aliyekohoa. Soko lake ndilo lililokufa. Wale bamama wa Kinshasa hawakupanda tena mto, kwa hiyo mchele wake ulikosa mnunuzi, na chumvi kijijini ikapanda bei. Alikula mtaji wake pole pole mpaka ukaisha.

Tangu siku hizo nina swali moja: ugonjwa mkubwa ukija na Leta akifunga njia, nani analindwa, na nani analipa? Nilipoanza kusoma historia ya mto wetu, niliona swali hili si la 2020 tu. Sehemu zetu zimefungwa kwa sababu ya magonjwa zaidi ya mara moja. Na karibu kila mara, bili imepelekwa mlango uleule.

1. Wabeleji na ugonjwa wa malale

Mwanzo wa miaka ya 1900, ugonjwa wa malale ulikuwa unaua watu wengi sana katika bonde la Kongo. Mwaka 1903 Mfalme Leopold II aliwaita wataalamu wa shule ya magonjwa ya tropiki ya Liverpool, Uingereza, waje kuchunguza. Mmoja wao, daktari Dutton, alifia Kasongo mwaka 1905. Ushauri wao ulikuwa rahisi kuusema: pimeni watu, tenganisheni wagonjwa na wazima, zuieni watu kutoka sehemu zenye ugonjwa kwenda sehemu safi.

Ndipo zikatokea lazareti, yaani kambi za kutenga wagonjwa. Moja iliyojulikana sana ilikuwa Ibembo, kwenye mto Itimbiri, ng'ambo ya kaskazini ukiangalia kutoka kwetu. Ikaja pia pasiporti ya kidaktari: mtu mweusi hawezi kusafiri bila karatasi inayosema amepimwa shingo na hana ugonjwa. Dawa ya wakati ule, atoxyl, ilikuwa na sumu ya arseniki ndani yake, na wagonjwa wengine ilipofusha macho. Watu waliona wenzao wanaingia lazareti na hawarudi. Wakaanza kuficha wagonjwa wao na kukimbilia msituni wakisikia daktari anakuja.

Kwenye vitabu vya shule wakati mwingine hadithi inaishia hapo: "wenyeji walikuwa hawaelewi dawa." Mwanahistoria Maryinez Lyons, katika kitabu chake cha 1992 juu ya ugonjwa huu kaskazini mwa Kongo, anaonyesha upande wa pili. Utawala uleule uliokuwa unafunga njia kwa ajili ya ugonjwa ndio uliokuwa unasukuma watu barabarani: wapagazi, askari, watu wa mpira, watu wa kupiga makasia. Kwa hiyo njia ilifungwa kwa mama anayekwenda kumwona mtoto wake, au kwa mvuvi anayefuata samaki. Kwa mzigo wa Leta ilikuwa wazi.

Tushike jambo hili vizuri, kwa sababu litarudi. Kufunga njia siku zote kuna mlango wa pembeni. Kitu cha kuangalia ni nani amepewa ufunguo wake.

Lakini historia ya malale ina ukurasa mwingine, na uko karibu sana nasi. Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, misioni ya Wabatisti wa Uingereza ilimpokea daktari Clement Chesterman mwaka 1920. Pale walifundisha vijana wa hapahapa kuwa wauguzi, wakawatuma kwenye zahanati za vijiji. Dawa mpya, tryparsamide, ikapelekwa kule watu walikoishi. Sisemi Yakusu ilikuwa mbinguni; ilikuwa kazi ya wakati wa ukoloni, na kulazimishwa kupimwa kulikuwepo. Lakini tofauti inaonekana. Njia moja inamtoa mgonjwa kwa watu wake na kumfungia. Njia nyingine inamletea dawa mahali anapokula na kulala. Hii ya pili haikuhitaji watu wakimbilie msituni.

2. Bumba, 1976

Bumba ni majirani zetu, kule chini ya mto. Bandari yake ni kubwa, na ndiko inakoishia reli ya zamani ya Vicicongo inayotoka Uele kupitia Aketi. Kaskazini ya Bumba, kama kilometa 100 hivi, kuna misioni inayoitwa Yambuku. Mwisho wa mwezi wa 8 mwaka 1976, mwalimu mmoja wa pale alikwenda lopitali ya misioni akiwa na homa. Akapigwa sindano, kama wengine wote. Lopitali ile ilikuwa na sindano chache tu kwa siku nzima, zinatumika kwa mgonjwa huyu na yule. Ugonjwa wenyewe ulikuwa Ebola, ambao dunia ilikuwa haijaupa hata jina. Mpaka ulipokwisha, wagonjwa walikuwa 318 na waliokufa 280. Kati ya wafanyakazi 17 wa lopitali, 11 walikufa.

Mwanzo wa mwezi wa 10 lopitali ilifungwa, na Zoni nzima ya Bumba ikawekwa karantini. Boti hazikuruhusiwa kusimama, na ndege nazo zilikuwa hazitui ovyo. Hebu wazia Bumba bila boti. Mji ule unakula mto. Chumvi, mafuta ya taa na sabuni vinapanda kutoka Kinshasa. Mchele na kahawa vinashuka. Mkulima ambaye kijiji chake hakikuwa na mgonjwa hata mmoja alifungwa sawasawa na yule wa Yambuku. Karantini iliondolewa mwezi wa 12, na msimu wa biashara ulikuwa umekwisha kupotea.

Wataalamu waliotoka Kinshasa, Ulaya na Marekani walipofika vijijini kando ya Yambuku, walikuta jambo ambalo hawakulitegemea. Wazee walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Walikuwa wameweka vizuizi vyao kwenye njia, na vijiji vingine vilikataa wageni. Walikuwa wanakumbuka ndui. Mgonjwa anawekwa katika nyumba ya peke yake pembeni ya kijiji, chakula na maji vinapelekwa karibu, watu hawamgusi.

Kijana mmoja Mkongo alikuwa kati ya madaktari wa kwanza kufika Yambuku mwaka ule: Jean-Jacques Muyembe. Miaka 44 baadaye, mwaka 2020, ndiye aliyepewa kuongoza mapambano dhidi ya corona katika nchi nzima. Mtu mmoja, mto mmoja, magonjwa mawili. Ndiyo maana nasema historia hii haiko mbali.

3. Karantini ya wazee ilikuwa na sahani ndani yake

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Kuna watu wanaosema: kutengana si desturi yetu, sisi Waafrika tunaishi pamoja, karantini ni kitu cha wazungu. Si kweli. Mwaka 2000 na 2001 Ebola ilipoingia Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliandika sheria za Waacholi za kupigana na ugonjwa mkubwa, ule wanaouita gemo. Mgonjwa anatengwa katika nyumba iliyo mbali na nyingine, kama mita 100. Mlangoni inawekwa alama ya matete marefu, ili mpita njia ajue. Anayemhudumia ni mtu ambaye amekwisha kuugua ugonjwa ule na akapona. Ngoma zinasimama, watu hawatembei ovyo kati ya vijiji. Na hata baada ya kupona, mtu anakaa mwezi mzima kabla ya kurudi kati ya watu.

Sheria hizo ni kali, labda kuliko arete yoyote ya 2020. Lakini zisome tena uone kitu kimoja: kuna mtu wa kuhudumia. Kuna anayepeleka chakula. Shamba la aliyetengwa kuna ndugu wa kuliangalia. Karantini ya wazee ilikuwa na sahani ndani yake. Kijiji kinakwambia "usitoke," halafu kijiji hichohicho kinakuletea ugali.

Karantini ya Leta ilichukua nusu ya kwanza ikaacha nusu ya pili. "Kaa nyumbani." Sawa. Na nani ataleta ugali?

4. Mwaka 2020: abiria na mzigo

Turudi kwenye corona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa 3. Hofu ilikuwa ya haki. Tuliona Italia kwenye televisheni, na Kinshasa watu wakubwa walianza kufa. Sitaki mtu asome maandishi haya aseme nimeandika kwamba corona ilikuwa uongo. Ilikuwa kweli, na iliua.

Lakini tazameni namna ilivyofungwa. Tarehe 26 gavana wa Kinshasa alitangaza kwamba mji wote, watu zaidi ya milioni 10, utafungwa kuanzia tarehe 28. Saa hiyohiyo watu wakakimbilia masoko, na bei zikaruka. Kesho yake mpango ukaahirishwa. Baadaye ikafungwa komini moja tu, Gombe, kuanzia tarehe 6 mwezi wa 4 mpaka mwisho wa mwezi wa 6. Gombe ni komini ya ofisi, mabenki na mabalozi. Lakini pia ndiko wanakokwenda kila asubuhi maelfu ya watu wa Masina, Kimbanseke na Selembao kutafuta cha kula jioni: wauza mkate, wabeba mizigo, wafua nguo, vijana wa soko kuu. Mwenye ofisi alifanya kazi na kompyuta nyumbani. Mwenye beseni la mkate hana kazi ya kompyuta.

Sisi wa majimbo hatukufungwa kwa ukali kama Gombe. Tulifungwa kwa kamba ndefu, na kamba hiyo ni mto. Arete ilisema: abiria kati ya Kinshasa na majimbo hapana, mizigo ndiyo. Kwenye karatasi inaonekana ni akili. Chakula kinapita, virusi havipiti. Lakini aliyeandika vile hajawahi kulala juu ya boti la mbao. Kwenye mto wetu, abiria na mzigo ni mtu mmoja. Mama anapanda na mifuko yake 10, analala juu yake, anapika kando yake, anashuka nayo. Hana kampuni ya kumpokelea mzigo Kinshasa. Hana ajenti, hana fakitire, hana benki. Mwili wake ndio kampuni. Ukimkataza yeye kupanda, mzigo wake umekataliwa, hata kama arete inasema mizigo ruksa.

Aliyefaidika ni nani? Yule mkubwa mwenye barji, mwenye depo huku na huko, anayeweza kupeleka bidhaa bila kwenda yeye mwenyewe. Mlango wa pembeni tena, kama wakati wa malale.

Wazee wa Kisangani hawakushangaa sana. Walikwisha kuona mto umekatika. Wakati wa vita, kuanzia 1998, njia ya mto kati ya Kinshasa na Kisangani ilikatwa na mstari wa mbele, mpaka ilipofunguliwa tena mwaka 2003. Chumvi na sabuni vikawa vitu vya thamani. Petroli ilikosekana, na ndipo toleka, baiskeli za kubeba watu, zilipojaa mji mzima. Watu hawakufa wote kwa sababu walibuni. Lakini kubuni kuna gharama yake, na anayesukuma baiskeli yenye kilo 150 kwa siku nyingi ndiye anailipa kwa mgongo wake.

Leta ilijaribu kusaidia, tuseme ukweli. Ilitangaza miezi miwili ya maji na umeme bila kulipa. Vizuri sana kwa mwenye bomba la Regideso na waya wa SNEL. Kijijini kwetu maji ni ya chemchemi na taa ni ya betri ya Kichina. Msaada ulifuata bomba, na bomba halifiki kwa maskini. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa mwezi wa 4 mkopo wa haraka wa dola milioni 363 hivi. Baadaye wakaguzi wa fedha wa serikali, IGF, walichunguza namna pesa za corona zilivyotumika, na kesi zikafika mahakamani. Mama mdogo hakuona hata barakoa moja.

Pesa yetu nayo iliteremka. Mwanzo wa 2020 dola moja ilikuwa karibu faranga 1,700; mwisho wa mwaka ilikuwa karibu 2,000. Mwenye akiba ya dola hakuumia. Mwenye faranga kwenye kitambaa kiunoni, au kwenye likelemba, alipoteza bila hata kutoka nyumbani. Na kwa wale waliopita Kinshasa siku zile, kulikuwa na faini ya faranga 5,000 kwa asiye na barakoa. Kwa wengine hiyo ni sahani moja ya mgahawa. Kwa wengine ni faida ya siku tatu.

5. Benchi tupu

Gharama iliyoniuma zaidi si ya soko. Ni ya shule.

Mwezi wa 9 mwaka 2019 ndipo shule ya msingi ya Leta ilipoanza kuwa bure. Vijijini watoto walijaa, hasa wasichana ambao wazazi walikuwa wanasema "tutaona mwakani." Miezi sita tu, na milango ikafungwa. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho walirudi mwezi wa 8 mwaka 2020, wengine mwezi wa 10. Halafu katikati ya mwezi wa 12 zikafungwa tena, pamoja na amri ya kutotembea usiku, mpaka tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka 2021.

Mjini waliambiwa: somo liko kwenye televisheni, liko kwenye radio, liko kwenye intaneti. Kwetu ukitafuta mtandao unapanda kilima au unapanda mti. Mtoto wa mwenye uwezo alipoteza mwaka, akaurudisha kwa mwalimu wa nyumbani. Mtoto wa mkulima alikwenda shambani "kwa muda," na huo muda kwa wengine haujaisha mpaka leo. Wasichana waliosoma nami sekondari wana wadogo zao walioingia likizo ya corona na madaftari, wakatoka na mimba. Kila mmoja wetu akihesabu katika ukoo wake hatakosa jina. Walimu wa shule za watu binafsi, ambao mshahara wao ni ada ya wazazi, walikaa miezi bila kitu. Wengine wakawa madereva wa moto na hawakurudi darasani.

Uganda, jirani yetu, ilifunga shule kuanzia mwezi wa 3 mwaka 2020, na haikuzifungua zote mpaka tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2022. Karibu miaka miwili. Kenya ilianza amri ya kutotembea usiku tarehe 27 mwezi wa 3 mwaka 2020, na katika siku za kwanza tu polisi waliua watu. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka 13 aliyekuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi. Rwanda ilifunga mapema na kwa ukali sana, lakini katika wiki ya kwanza serikali ilianza kugawa chakula nyumba kwa nyumba kwa wale wanaokula kwa kibarua cha siku. Hakikutosha wote, lakini angalau kuna mtu aliyekumbuka sahani. Kwa dunia nzima, Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2021 kwamba watu milioni 97 zaidi walikuwa wamesukumwa katika umaskini wa kupindukia.

6. Surua haikufunga barabara

Sasa swali gumu. Katika miaka hiyohiyo, kabla ya corona kufika, nchi yetu ilikuwa katika janga la surua, ile tunayoita rougeole. Mwezi wa 1 mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema waliokufa wamepita 6,000, wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Lilipotangazwa kwisha, mwezi wa 8, hesabu ilikuwa imepita 7,000. Corona, kwa hesabu rasmi ya nchi nzima na ya miaka yote, haikufika vifo 1,500. Najua wengi walikufa bila kupimwa, hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Hata hivyo angalieni tofauti.

Kwa surua hakuna uwanja wa ndege uliofungwa wala hotuba ya usiku. Na surua ina chanjo tangu miaka ya 1960! Haikuhitaji kufunga mtu nyumbani, ilihitaji friji, moto na muuguzi aliyelipwa. Surua inaua mtoto wa bwaki kijijini. Corona iliweza kumwua waziri. Mimi sijui kusoma mioyo ya wakubwa, lakini najua kusoma hesabu: ugonjwa unaoweza kupanda ndege unaitwa dharura, ugonjwa unaokaa kijijini unaitwa maisha.

7. Mara ya kesho

Kwa nini ninaandika haya sasa, watu wamekwisha kusahau barakoa? Kwa sababu mara ya kesho itakuja, tena kwetu. Mwezi wa 9 mwaka 2021 uti wa mgongo ulitangazwa Banalia, hapahapa Tshopo. Mwezi wa 8 mwaka 2024 mpox ikatangazwa dharura ya dunia, na nchi yetu ndiyo ilikuwa katikati. Sisi wa msitu na mto ndio tunaokutana na magonjwa haya kwanza.

Na tusidanganywe kwamba njia ni mbili tu, kufunga kila kitu au kuacha watu wafe. Nchi hii yenyewe ilikwisha kufanya vingine. Katika Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, waliokutana na mgonjwa waliombwa wasitembee, na wakapewa chakula cha mashirika ili waweze kukaa. Kulikuwa na makosa mengi na damu nyingi katika mapambano yale, lakini kanuni hiyo moja ni ileile ya wazee wa Yambuku na wa Gulu: ukimwambia mtu akae, mlishe.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kusema mbele ya gavana, nitasema maneno matatu tu. Kwanza, kabla ya arete kusainiwa, aitwe mama mmoja wa mtoni, mtu mmoja wa toleka na mwalimu mmoja wa kijijini, waulizwe: mkifungwa wiki mbili mtakula nini? Pili, mama na mifuko yake wahesabiwe kuwa mzigo mmoja. Apimwe, avae barakoa, lakini apite. Tatu, shule iwe ya mwisho kufungwa na ya kwanza kufunguliwa.

Na kwetu sisi wahitimu kuna kazi ambayo haihitaji gavana. Habari za lazareti tunazipata leo kwa sababu maofisa wa Kibeleji waliandika ripoti, na hao waliandika upande wao. Za Bumba tunazipata kwa madaktari waliokuja kutoka nje. Za 2020 katika Yahuma nani ameziandika? Bei ya chumvi mwezi wa 5, nani ameikumbuka? Watoto wangapi katika kila shule hawakurudi? Registre za walimu bado zipo, lakini mchwa nao wapo. Vakansi ijayo, kila mmoja wetu akirudi nyumbani achukue daftari moja, akae na mama yake na mkurugenzi wa shule alikosomea, aandike. Kurasa 10 zinatosha.

Mama mdogo alianza upya mwaka 2021, kwa mkopo wa likelemba, na mfuko mmoja wa mchele badala ya 10. Nilipomsomea sehemu ya maandishi haya alicheka, akaniuliza: "Sasa ukimaliza kuandika, ule mchele wangu utarudi?" Nilimwambia hapana, mama. Akasema, "Basi andika tu, ili kesho wasiseme hawakujua."